Kutoka DOI hadi makala yenyewe: tathmini ya mkutubi wa chuo cha afya

Mwanafunzi akija kaunta na kuniambia amehangaika na makala tangu asubuhi, swali langu la kwanza ni kama ana DOI yake, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala. Jina la mwandishi na mwaka vitafuata. Nikishapata ile namba inayoanza na 10, kazi ya kuitambua makala imekwisha. Inayobaki ni kumfikisha msomaji kwenye maandishi yenyewe, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila kumlipisha kitu ambacho maktaba imeshakilipia au ambacho mwandishi amekitoa bure. Hapo ndipo huduma zinapotofautiana sana, na hizo ndizo ninazotaka kuzipima.

Mimi ni mkutubi kwenye chuo cha afya hapa Mwanza. Wasomaji wangu ni wanafunzi wa uuguzi, maafisa tabibu walio masomoni, na wakufunzi wanaoandika tasnifu zao usiku wakishatoka zamu. Wengi wanasoma kwenye simu, kwa bando wanalonunua wenyewe. Kwa hiyo vipimo vyangu ni viwili tu: je, huduma inamfikisha mtu kwenye makala nzima, au inamwachia muhtasari? Na je, inamfikisha kabla bando halijaisha?

Nianze na doi.org, kwa sababu nyingine zote zimejengwa juu yake. Mfumo unasimamiwa na International DOI Foundation, iliyoanzishwa 1998, na tangu 2012 ni kiwango cha kimataifa, ISO 26324. Kwa makala za majarida, namba nyingi husajiliwa na Crossref, umoja wa wachapishaji ulioanza 2000. Kwa data za utafiti kuna DataCite, ya 2009. Msomaji hahitaji kuyajua hayo. Anaandika doi.org, anaweka mkwaju (/), anabandika namba nzima, anabonyeza, na ukurasa wa makala unafunguka. Hana haja ya kujisajili wala kuwa na neno la siri, na hakuna matangazo.

Namba yenyewe inasomeka ukizoea. Sehemu iliyo kabla ya mkwaju humtambulisha aliyeisajili: 10.1371 ni mchapishaji PLOS, 10.4314 ni AJOL ya majarida ya Afrika, 10.5281 ni hifadhi ya Zenodo. Iliyo baada ya mkwaju ni ya makala, na kila mchapishaji huipanga apendavyo. Ndiyo maana nyingine ni fupi na nyingine zina mabano na vistari, kama zile za zamani za jarida la tiba la Lancet. Hizo za mabano ndizo zinazoharibika zaidi zikinakiliwa kwa mkono. Nawaambia wanafunzi: usiiandike upya, inakili na kuibandika kama ilivyo, na uangalie nukta ya mwisho wa sentensi isiingie ndani ya namba.

Uimara wake nautolea mfano mmoja. Namba zinazoanza na 10.1111 zilikuwa za mchapishaji Blackwell. Mwaka 2007 Wiley waliinunua kampuni hiyo. Mwaka uliofuata makala zikahama kutoka Blackwell Synergy kwenda Wiley InterScience, na 2010 zikahama tena kwenda Wiley Online Library. Anwani za tovuti zilibadilika kila mara. Tasnifu ya 2006 iliyoandika DOI kwenye marejeo yake, leo unaibandika na makala inafunguka. Ile iliyoandika anwani ya Synergy inakuachia ukurasa wa kosa. Mwaka 2014 watafiti waliochapisha kwenye PLOS ONE, Herbert Van de Sompel akiwa mmojawapo, walionyesha kwamba makala moja kati ya tano za sayansi, teknolojia na tiba ina viungo vya tovuti vilivyokufa au vilivyobadilika maudhui. Utafiti huo wenyewe unaupata kwa 10.1371/journal.pone.0115253, na kila nilipoufungulia darasa, umefunguka.

Anayetaka kuona mambo yanavyokwenda ndani aongeze ?noredirect mwishoni mwa anwani. Jaribu doi.org/10.1000/182?noredirect. Namba hiyo ni ya mwongozo wa DOI wenyewe. Badala ya kupelekwa kwenye mwongozo, unaonyeshwa jedwali dogo lenye aina ya rekodi, tarehe iliyoguswa mara ya mwisho, na anwani ambako namba inaelekea kwa sasa. Mchapishaji akihama, anachobadilisha ni ule mstari wa anwani. Kila rejea iliyochapwa kwenye karatasi popote duniani inaendelea kufanya kazi. Huwa nawaonyesha wakufunzi wapya jedwali hilo, na wakishaliona hawanisumbui tena kwa nini nakataa viungo virefu kwenye orodha za marejeo.

Kuna matumizi mengine ambayo hayakuwapo nilipoanza kazi hii. Siku hizi naletewa orodha za marejeo zilizoandikwa na programu za akili mnemba. Majina ya waandishi ni ya kweli, jina la jarida ni la kweli, DOI inapendeza kwa macho. Ukiibandika, doi.org inakujibu kwamba namba hiyo haipo. Mbaya zaidi ni pale namba ipo, lakini inafungua makala ya kitu kingine kabisa: rejea inasema kifafa cha mimba, ukurasa unazungumzia kilimo cha mpunga. Kwa hiyo kuibandika tu hakutoshi, soma na kichwa kilichofunguka. Kwenye chuo kinachofundisha watu watakaoshika sindano, ukaguzi huu si wa hiari, na hakuna chombo kinachoufanya kwa haraka kuliko doi.org.

Kuhusu makala zilizofutwa, yaani zile ambazo jarida limezikana baada ya kuzichapisha, nako nina neno. PDF zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi hubaki vilevile milele. DOI inakupeleka kwenye hali ya sasa ya makala. Ile ya Lancet ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ambayo jarida liliifuta 2010, namba yake ni 10.1016/S0140-6736(97)11096-0. Ukiifungua, alama ya kwamba imefutwa iko juu kabisa, huwezi kuikosa. Mtu aliyetumiwa faili tu na rafiki anaweza asijue. Tangu 2023 Crossref inamiliki na kutoa wazi hazina ya Retraction Watch ya makala zilizofutwa, na programu nyingi za maktaba zinaitumia. Kwa jambo hili peke yake mfumo wa DOI unastahili sifa zote ninazoupa.

Sasa upungufu. Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alikuja na simu mkononi. "Madam, nimefanya kama ulivyotufundisha, ila hapa wanataka dola 35." Ni zaidi ya shilingi elfu themanini kwa makala moja ya kurasa nane, tena ya kusoma kwa saa 24 tu. DOI yake ilikuwa sahihi, na ilimfikisha kwa mchapishaji kama inavyopaswa. Lakini makala ileile chuo chetu tulikuwa tunaipata bure kwa njia nyingine, na doi.org haikuwa na jinsi ya kulijua hilo. Ni kama bodaboda anayefahamu kila geti la mji huu: atakushusha penyewe, ila hana habari kama wewe ni mwenye nyumba au mpita njia.

Tatizo hili wakutubi waliliona mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huyo Van de Sompel niliyemtaja alikuwa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, na akabuni njia ya kulitatua. Kiungo kisimpeleke msomaji moja kwa moja kwa mchapishaji. Kipitie kwanza kwenye seva ya maktaba yake, kikiwa kimebeba maelezo ya makala pamoja na DOI. Seva inaangalia maktaba imelipia nini na miaka ipi, kisha inamwelekeza kwenye nakala anayostahili. Programu yake iliitwa SFX, kampuni ya programu za maktaba ya Ex Libris ikaichukua 2000, na namna ya kuandika viungo hivyo, OpenURL, ikawa kiwango rasmi Marekani kwa jina la Z39.88-2004. Kitufe unachokiona kwenye hifadhidata nyingi kikisema "tafuta kwenye maktaba yako" kimetokana na kazi hiyo.

Nimetumia mifumo ya OpenURL ya zamani, na sifa yake ni nusu. Inajua wewe ni nani, hilo ni jema. Lakini unabonyeza, linafunguka dirisha lenye orodha ya majukwaa matatu au manne, kila moja na miaka yake, uchague mwenyewe. Unachagua, unatua kwenye ukurasa wa mbele wa jarida, na unaanza upya kutafuta toleo na ukurasa. Sababu ni kwamba mifumo mingi iliunda kiungo kwa kuunganisha jina la jarida, juzuu na ukurasa. Kosa dogo kwenye hifadhidata ya awali, mathalani juzuu ya nyongeza isiyo na namba, linatosha kukupoteza. Msomaji mwenye bando la siku anakata tamaa kwenye dirisha la pili.

Ndipo LibKey iliponifurahisha. Niliiona ikifanya kazi nilipokwenda mafunzo kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja Afrika Kusini. Inatengenezwa na Third Iron, kampuni ya Marekani, na maktaba ndiyo inayolipia, siyo msomaji. Kuna LibKey.io, ukurasa wenye kisanduku kimoja: unachagua chuo chako, unabandika DOI au namba ya PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, na inakufungulia PDF. Kisha kuna LibKey Nomad, kiendelezi cha kivinjari. Ukiwa PubMed, au kwenye marejeo ya Wikipedia, au kwenye tovuti ya mchapishaji, kitufe kinatokea chenyewe kukuambia kwamba chuo chako kina makala hiyo.

Mwenyeji wangu pale, mama mmoja mtaratibu aliyefanya kazi ya maktaba maisha yake yote, alinikalisha kwenye kompyuta ya wasomaji na kuniambia nibandike DOI yoyote niliyokuwa nayo kwenye daftari langu. Nikachukua ya utafiti wa malaria kwa wajawazito. Skrini ikaomba niingie kwa akaunti ya chuo, akaniingizia yeye, na kilichofuata kilikuwa ukurasa wa kwanza wa makala. Hapakuwa na orodha ya majukwaa wala ukurasa wa jarida wa kuzungukia. Nikabandika nyingine ambayo maktaba yao haikulipia, ikanipa nakala huria iliyokuwa kwenye hifadhi ya chuo kingine. Nikabandika ya tatu, haikuwapo popote bure, ikanipeleka kwenye fomu ya kuiomba kutoka maktaba nyingine. Tofauti na OpenURL ya zamani, hapa injini inaanza na DOI na inaijua makala moja kwa moja, haibahatishi kwa juzuu na kurasa. Makala iliyofutwa nayo inakuonya kabla hujaifungua.

Ubovu wa LibKey uko kwenye kile inacholishwa. Orodha ya majarida ya maktaba ikisema mna jarida fulani tangu 1995 ilhali mkataba unaanzia 2008, itakupeleka kwa ujasiri wote hadi kwenye ukurasa wa malipo. Lazima awepo mtu anayeisafisha orodha hiyo kila mkataba unapohuishwa, na mtu huyo anahitaji muda. Nomad nayo imelenga zaidi kivinjari cha kompyuta. Mwenye simu abaki na LibKey.io. Na kwa chuo kidogo kinachotegemea zaidi makala za bure, ni vigumu kuomba bajeti yake. Ningekuwa chuo kikuu kinachotumia fedha nyingi kununua majarida, ningeiweka mbele ya kompyuta mpya.

Sisi tunaishi kwa Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zinazoendelea majarida ya kulipia, na nasema kwa moyo wote kwamba bila hiyo tungekuwa na rafu za vitabu vya zamani tu. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. Ikafuatwa na AGORA ya FAO 2003, OARE ya mazingira 2006, ARDI ya sayansi na teknolojia 2009 na GOALI ya sheria 2018. Sasa zote zinaingiliwa mahali pamoja. Taasisi za nchi za kundi A, Tanzania ikiwemo, hazilipi. Unaposoma jarida la bei kubwa kabisa ukiwa Mwanza, kwenye maktaba yenye dari linalovuja, na humdai wala hudaiwi na mtu, unaelewa uzito wa mpango huu.

Ila ni lazima uingie kwa njia yake. Mwanafunzi anayeanza Google, akabofya DOI, anatua kwa mchapishaji kama mgeni na kuambiwa alipe. Njia sahihi ni kinyume: fungua Research4Life kwanza, ingia kwa jina na neno la siri la taasisi, kisha bandika DOI kwenye kisanduku cha kutafutia. Mara nyingi jibu linakuja moja, lenyewe. Yule mwanafunzi wa dola 35 aliondoka na makala yake kwa njia hiyo. Jambo la kulalamikia ni kwamba hakuna kinachomkumbusha msomaji haya akiwa peke yake nyumbani. Kazi hiyo imebaki kwetu, na mimi nimeibandika kwenye ukuta, kwenye kikundi cha WhatsApp na kwenye karatasi ya wanaoanza mwaka wa kwanza.

Pia kuna madhara ninayoyaona kwenye tasnifu. Ukisoma kupitia huko, anwani inayoonekana juu ya kivinjari ina login.research4life.org ndani yake. Mwanafunzi anainakili, anaiweka kwenye marejeo. Mtahini wa nje akiibonyeza, anakutana na skrini ya kuomba neno la siri la chuo kisicho chake. Vyuo vinavyotumia EZproxy vina ugonjwa huohuo. EZproxy ni ile programu aliyoitengeneza Chris Zagar mwaka 1999, umoja wa maktaba wa OCLC ukainunua 2008, inayowawezesha wasomaji kuingia wakiwa nje ya chuo. Hapa nina ushauri ambao haugharimu kitu. Mkufunzi akiandaa orodha ya masomo kwa darasa lake, aweke kiungo chenye anwani ya kuingilia ya maktaba mbele na DOI nyuma yake, ili mwanafunzi wa chuo afunguliwe moja kwa moja. Kwenye chochote kitakachosomwa na watu wa nje, abaki na DOI tupu.

Unpaywall nimeiacha hadi hapa kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayowawekea watu kabla hawajaniomba. Inatoka kwa OurResearch, shirika lisilo la faida lililoanzishwa na Jason Priem na Heather Piwowar, na kiendelezi chake kimekuwapo tangu 2017. Unakiweka kwenye Chrome au Firefox ya kompyuta. Ukifungua ukurasa wa makala, kinasoma DOI iliyopo na kuangalia kwenye hazina yake kama kuna nakala halali ya bure mahali popote: kwenye jarida, PubMed Central, hifadhi ya chuo cha mwandishi. Ikiwapo, kufuli la kijani linatokea pembeni ya skrini. Unalibofya, unasoma. Hakuna cha kuingia kwa akaunti.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba haigusi nakala za wizi. Mkufunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini makala fulani haioneshi kijani ilhali yeye ameipata kwenye mtandao wa watafiti. Nikamweleza kwamba Unpaywall inahesabu zile zilizowekwa na wenye haki tu, na hata ResearchGate haimo. Kwa chuo cha umma kinachowafundisha watu maadili ya kitaaluma, hilo lina maana.

Iangalie hata hivyo nakala unayopewa. Wakati mwingine ni andiko la mwandishi kabla ya kupangwa na jarida. Maneno ni yale yale kwa sehemu kubwa, ila namba za kurasa hazilingani. Kwa kunukuu ukurasa utahitaji toleo la jarida, au utaje sehemu ya makala badala ya ukurasa. Upande wa simu, Chrome ya Android haikubali viendelezi, na hapo ndipo wasomaji wangu wengi walipo. Njia ninayoitumia mwenyewe nikiwa kwenye daladala ni kuandika api.unpaywall.org/v2/ kisha DOI, kisha ?email= na anwani yangu ya barua pepe. Yanakuja maandishi ya kompyuta yasiyopendeza, lakini ukitafuta neno url_for_pdf ndani yake, kiungo cha makala kiko pale. Wanafunzi wa maktaba na wapenda kompyuta wanaishika haraka. Muuguzi aliyechoka na zamu simtarajii aifanye, na natamani sana mtu atengeneze ukurasa mwepesi wa Kiswahili wenye kisanduku kimoja juu ya huduma hiyo.

Sasa nizungumzie ya kwetu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. AJOL, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998 na sasa iko Afrika Kusini, inasajili DOI kwa majarida mengi iliyo nayo. Ukiona 10.4314 ujue ni huko. Naisifu bila kusita. Tafiti za hospitali zetu, za madawa yetu, za watu wetu, zingepotea kwenye rafu za chumba cha nyuma, na leo zinapatikana kwa namba ileile ya kudumu kama za Lancet. Majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo yanatoa DOI kwa makala zake, na ni furaha kuona makala iliyoandikwa kwa Kiswahili ikiwa na namba hiyo chini ya kichwa. Mume wangu, anayefundisha Kiswahili sekondari, yeye ni msomaji wa Swahili Forum. Hilo liko Ujerumani na linatumia kitambulisho cha aina nyingine, URN inayoanza na urn:nbn:de, inayofunguliwa na mtambo wa Maktaba ya Taifa ya Ujerumani. Si DOI, na hufunguka vizuri tu.

Kinachoniuma ni hifadhi za kidijitali za tasnifu. Vyuo vyetu vingi vinatumia DSpace, programu huria iliyotoka MIT na HP mwaka 2002, na ni programu nzuri. Kila tasnifu inayoingizwa hupewa namba ya Handle, ambao ndio mfumo uleule unaoendesha DOI kwa chini. Lakini DSpace huja na kiambishi cha mfano, 123456789, kinachosubiri kubadilishwa na chuo kikishajisajili. Fungua hifadhi za vyuo kadhaa Afrika Mashariki utazame anwani: handle/123456789/ na namba nyuma yake. Maana yake chuo hakikusajili kitu. Namba hiyo wanayo mamia ya taasisi duniani, na ukiipeleka hdl.handle.net haikufikishi kwenye tasnifu unayoitaka. Siku chuo kikibadilisha seva au jina la tovuti, viungo vyote vya wahitimu wake vinakatika kwa pamoja. Nimeshuhudia chuo kimoja kikihama seva, na daktari aliyekuwa ametaja tasnifu yake kwenye maombi ya ufadhili akaambiwa na wafadhili kwamba kiungo hakifunguki.

Kujisajili Handle ni dola 50 za kuanzia na 50 kila mwaka. Kwa hifadhi yenye tasnifu elfu kadhaa, hiyo ni fedha ya chai ya mkutano mmoja wa seneti. Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya hivyo, kiambishi chao ni 11295, na viungo vyao vinapita hdl.handle.net kama inavyotakiwa. Chuo kisichoweza kulipa hata hizo kina ARK, kitambulisho kilichoanzia 2001 kisicho na ada ya usajili, ingawa hapo utahitaji fundi wa kukiunganisha.

Nisifiche upande mwingine wa DOI. Namba haihifadhi makala. Kuna jarida moja la kitabibu la ukanda huu ambalo tovuti yake ilizimika baada ya mhariri kustaafu. DOI zake bado zimesajiliwa, ukizibonyeza unatua pasipo na kitu. Mwaka 2024 mtafiti Martin Eve alichapisha uchunguzi wa DOI zaidi ya milioni 7, na akakuta asilimia 28 ya kazi hizo hazionekani kwenye hifadhi yoyote kubwa ya kudumu. Ndiyo maana, tukipata makala muhimu ya jarida dogo na leseni ikiruhusu, tunaweka nakala kwenye hifadhi yetu na kuandika DOI ya asili kwenye rekodi yake.

Alama zangu, basi. Kwa kuitambua makala na kukagua marejeo, doi.org inapata tano kati ya tano. Kwa msomaji asiye na chuo, au mwenye chuo kisicho na fedha, Unpaywall ni nne, na ingepata tano kama ingekuwa rahisi kwenye simu. Research4Life kwa wingi wa maudhui ni tano, kwa urahisi wa kufika ukitokea kwenye DOI ni tatu. LibKey ni nne na nusu kwa chuo chenye uwezo. Viungo vya OpenURL vya menyu ndefu navipa mbili na nusu, na kama ndivyo mlivyo navyo, ombeni fundi wenu aweke DOI itangulie kwenye mpangilio wa kutafuta. Mifumo mingi inaruhusu, ni suala la kuingia kwenye mipangilio tu.

Na kwa wahariri wa majarida ya vyuo vyetu ambao bado mnasubiri: tangu Januari 2023 Crossref ina mpango wa GEM unaoziondolea nchi zenye uwezo mdogo wa kiuchumi ada ya uanachama na ya usajili wa maudhui, na Tanzania imo. Kama jarida lenu liko kwenye OJS, programu huria ya kuendesha majarida, kiendelezi cha kusajili DOI kipo. Anzeni na toleo lijalo, kisha rudini nyuma kwenye matoleo ya zamani mliyo nayo kwa PDF, moja baada ya jingine. Na fundi wa tovuti akija na habari za kuhama seva, kabla hajagusa kitu, mkumbusheni kwamba anwani za Crossref lazima zibadilishwe siku hiyohiyo.